Miezi minne na matairi ya theluji kwenye gari langu, Toyota IST, Moshi

Nilinunua matairi manne ya mtumba mwishoni mwa Februari, duka moja hapa Moshi mjini, nikijiandaa na masika. Naishi Kibosho na kazi yangu iko Arusha, kwa hiyo alfajiri gari linateremka kwenye udongo mwekundu kwanza ndipo lishike lami. Muuzaji alinionyesha kashata, yale meno ya mpira ya tairi: ndefu, zimejaa mikato myembamba kama ya wembe. "Mama, haya yametoka Japani, tope la huko kwenu mlimani hayaliogopi." Shilingi 60,000 kila moja. Nililipa, yakafungwa, nikaondoka nimeridhika.

Kwenye tope siyasemi vibaya. Kuna kona moja kabla ya kwetu ambayo mwaka jana vijana walinisukuma mara tatu, na Machi yote nilipanda mwenyewe.

Shida ilikuwa lami. Asubuhi moja ya Aprili mvua inanyesha, nateremka Kikafu, lori lililo mbele likawasha taa za breki. Nikakanyaga. Gari likaendelea kwenda. Lilisimama nikiwa naweza kusoma maandishi madogo kabisa ya kwenye bodi ya lori, na mwanangu aliyekuwa kiti cha nyuma hakusema neno mpaka Boma Ng'ombe. Pedi zilikuwa mpya, hazina hata miezi miwili. Nikaanza pia kuona kwamba kwenye kona gari linayumba, kama limekaa juu ya godoro. Juni ilipofika, kashata za mbele zilikuwa zimelika kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye tairi lolote.

Nikaenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja mwenye gereji Majengo. Nilimwamkia, akaitikia huku ameshainama kwenye gurudumu. Alibonyeza mpira kwa ukucha, ukabonyea. Akanionyesha neno lililoandikwa ubavuni, STUDLESS, yaani tairi la theluji lisilo na misumari, na pembeni yake mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani. "Mwanangu, haya ni ya barafu."

Alinieleza taratibu, na naandika hapa kwa sababu miezi yote ile hakuna aliyeniambia. Tairi la kawaida hukakamaa kwenye baridi kali, ndiyo maana wenzetu wa nchi za theluji hubadilisha matairi joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. La theluji lina mpira laini unaobaki laini kwenye baridi hiyo, na ile mikato ya wembe ndiyo inayong'ata barafu. Sasa lilete kwenye lami ya Moshi saa nane mchana. Mpira unakuwa laini kupita kiasi, kashata zinapinda ukikata kona, zinalika haraka, na kwenye lami iliyolowa gari linachelewa kusimama. Hata kipupwe chetu cha Julai, tunapopita Usa River na ukungu tumevaa masweta, kwa kawaida hakifikii baridi ambayo tairi hilo limetengenezewa.

Kumbe lina alama mbili za kulika. Moja ni ile ya milimita 1.6 ambayo hata matairi ya kawaida yanayo. Nyingine iko juu zaidi, kwenye nusu ya kashata, na likifika hapo halifai tena hata kwa theluji yenyewe. Ya mbele yalikuwa yameshaipita. Tarakimu nne za tarehe yalipotengenezwa zilisomeka 4116, yaani wiki ya 41 ya mwaka 2016. Alama zote hizi zilikuwepo kwenye matairi siku nilipolipa. Muuzaji anayefungua matairi kila siku anazijua, na alipaswa kunionyesha.

Nilifunga mapya ya kawaida, 175/65R14, shilingi 125,000 kila moja, pamoja na alaimenti na balansi. Fundi alisisitiza upepo upimwe asubuhi gari halijatembea, maana baridi hushusha upepo, kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6. Akabadilisha mipira ya waipa, akamwaga maji ya kutu yaliyokuwa kwenye rejeta na kuweka kulanti. Betri iliyopumzika usiku kucha ilisoma volti 12.6, akaiacha. Na kwa kioo kinachojaa ukungu kwa ndani, aliniambia niwashe AC pamoja na hita: AC inakausha hewa, hita inapasha kioo. Nilikuwa nafuta kwa kitambaa miaka yote.

Gereji nayo ina lake. Nilikaa saa nne kwenye benchi, na gurudumu moja la mbele lilitetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa, ikabidi nirudi kesho yake wakarudia balansi. Hawakunitoza, lakini siku ya kazi ilishapotea.

Wiki iliyopita nilipita Kikafu tena, manyunyu, lami inang'aa. Basi dogo likasimama ghafla mbele yangu kupakia abiria. Nilikanyaga, gari likasimama pale pale nilipotaka, na nafasi ikabaki ya gari zima. Mwanangu akaniuliza kama ni matairi mapya, nikamwambia ndiyo.

Yale manne jirani aliyataka kwa ajili ya Noah yake. Nimeyakata. Moja ni bembea, matatu nimepandia maua.