Toyota HiAce Super GL: gari ni nzuri, shida ni vioo vyake hapa Uganda

Naendesha HiAce Super GL, ile bodi ya 200, kazi yangu ni kubeba wageni na mizigo yao kutoka Entebbe, Kampala, Jinja, saa zingine mpaka Mbale, na watu wananiuliza sana kama inafaa kununua. Kwa upande wa gari yenyewe, inafaa, tena sana. Ila kuna jambo moja wauzaji hawakuambii na ndo limenifanya niandike hapa.

Kwanza chuma chenyewe. Hii bodi imetoka 2004 na mpaka leo inapendwa. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo safari ndefu ya mchana joto linapanda mpaka mapajani, na makanika akitaka kuigusa lazima ainue viti kwanza. Dizeli ya lita 3, ile ya 1KD, inavuta vizuri hata ukiwa umejaza, lakini injekta zake hazitaki kabisa mafuta machafu, ukizoea dizeli ya kwenye jerikeni kando ya barabara utazinunua zote nne na bei yake inauma. Kama kazi yako ni ya mjini tu chukua ya petroli. Inageuka mahali padogo, upana wake ni mita 1.695 tu kwa hiyo Kampala unapenya. Spea ziko Kisekka, soko la vipuri Kampala, ila taja bodi vizuri maana taksi nyingi, yaani matatu zetu, bado ni zile za zamani na unaweza kupewa kitu cha bodi ya 100. Viti vya nyuma ni hivyo hivyo, mgeni mrefu atalalamika.

Sasa vioo. Super GL inatoka kiwandani Japani na vioo vya nyuma vyeusi. Si tinti ya kubandika eti utaibandua, ni kioo chenyewe kiko hivyo. Kule Japani ni gari ya fundi na familia yake, hakuna anayeigeukia. Hapa kwetu hiyo ndo sura ya drone, jina la mtaani la gari za kuteka watu, na kila mtu Uganda analijua. Mwisho wa 2020 kuingia 2021, wakati wa ule uchaguzi wa Januari, watu wengi, hasa wa upinzani, walichukuliwa na watu wenye silaha wakaingizwa kwenye HiAce za vioo vyeusi, familia zikabaki zinazunguka vituo vya polisi kuuliza. Machi 2021 waziri wa mambo ya ndani, Jenerali Jeje Odongo, alipeleka bungeni orodha ya majina 177 ya waliokuwa wameshikwa. Mtu ambaye ndugu yake alichukuliwa hivyo hasahau umbo la hiyo gari, na huwezi kumwambia wewe ni dereva tu wa wageni kabla hajakimbia.

Na kweli wanakimbia. Ukisimama Namawojjolo, pale pa kununua chakula kwenye barabara ya Jinja, mchana wale vijana wa kuku na gonja (ndizi za kuchoma) wanakuvamia dirishani kama kawaida, lakini giza likiingia wanabaki mbali wanaangalia kwanza nani anashuka. Bwaise, mtaa wa Kampala, usiku ukitembea polepole nyuma ya boda unatafuta geti ya mteja, jamaa anakata kona anapotea. Kuna mteja alikataa kabisa kutoka ndani mpaka nikampigia simu, nikashuka, nikasimama kwenye taa anione uso. Sikumlaumu hata kidogo.

Nimesoma kwamba Marekani pia wana mambo yanayofanana na haya. Ford Crown Victoria ilikuwa gari ya polisi miaka mingi, Ford wakaacha kuiunda 2011, na zile zilizostaafu raia wakazinunua kwenye mnada, basi ukiendesha moja barabara kuu wote mbele yako wanapunguza mwendo wakidhani ni askari. Lakini yule anaogopa faini. Wa kwetu anaogopa kutoonekana tena. Wazazi wetu waliishi na panda gari ya miaka ya themanini, ile misako ya wanajeshi ya kupakia watu kwenye malori, na waliokuwa watu wazima zama za Amin wakisikia Peugeot 504 bado wanakumbuka State Research, majasusi wa Amin. Hofu ya gari hapa ina umri mrefu.

Ndo maana wale wenye HiAce wanaofurahia kupishwa barabarani wananiudhi sana. Wengine wanaongeza tinti mpaka kioo cha mbele na kuwasha taa za kumulika ili taksi ziwakwepe. Huyo unayemtisha pengine ni mama ambaye mtoto wake hajarudi nyumbani mpaka leo!

Mimi nilifanya hivi. Vioo vya milango ya kuslaidi nilibadilisha nikaweka vya kawaida vya kupenya mwanga, hiyo ndo gharama kubwa lakini ndo iliyosaidia zaidi. Jina la kazi na namba ya simu nilichapisha stika Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, kubwa, pande zote mbili na nyuma. Namba za gari zisafishwe zisomeke mbele na nyuma. Usiku nikifika kwa mteja nawasha taa ya ndani kabla sijasimama, na sisimami geti ya mtu injini ikinguruma bila kushuka. Tangu hapo watu wametulia, si wote, lakini tofauti naiona, hata askari wa barabarani wananiuliza mambo machache.

Kama bado hujanunua, achana na Super GL uagize DX, toleo jingine la HiAce hiyo hiyo. Ni ya kawaida zaidi, bampa mara nyingi haijapakwa rangi, viti vyepesi, lakini mara nyingi inakuja na vioo vya kawaida na injini ni zile zile. Chukua nyeupe. Mwambie agenti akutumie picha ya ubavuni ikiwa juani, siyo ya mbele tu, uone kama kiti cha nyuma kinaonekana kupitia kioo. Mwaka wa kuundwa pia uangalie, ikifika miaka 15 haiingii nchini.