Alizeti ya kutambaa: nilinunua miche thelathini nilipohitaji mmoja

Si kawaida yangu kuanika mambo ya bustani yangu mbele za watu, lakini jibu nililopewa na muuzaji mmoja wa miche kando ya Barabara ya Bagamoyo limenikaa kooni kwa majuma kadhaa sasa.

Nyumba yetu ipo Goba, kwenye mteremko ambao kila masika ulikuwa ukimomonyoka na kumwaga tope hadi mlangoni mwa jiko, na ukoka tulioupanda ulisombwa kabla haujashika. Kijana huyo, mwenye maneno matamu kama haluwa, alinishauri nipande wedelia, ambayo mwenyewe aliiita alizeti ya kutambaa, kwa kuwa maua yake ya manjano yanafanana kweli na alizeti iliyodumaa. Nilichukua viriba thelathini, kila kimoja kwa shilingi 1,500, naye akanihakikishia kwamba nikishapanda kazi yangu imekwisha.

Kazi yangu ilikwisha, ya mmea ikaanza. Shina la wedelia hulala chini, na kila kifundo kinachogusa udongo hutoa mizizi yake, hivyo kila kifundo ni mche unaojitegemea. Kabla ya vuli mteremko wote ulikuwa umefunikwa kama kwa mkeka, vuli ilipopita, mkeka ulikuwa umekwisha pita chini ya uzio na kuyafunika matembele ya jirani yangu, bibi mmoja ambaye alinijia na kuniambia kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Mwanangu, mgeni wako ameingia kwangu bila hodi." Nilishinda siku nzima nimechutama kwenye matuta yake nikichomoa. Shina ukilivuta hukatika, na kipande kinachobaki ardhini huchipua upya. Mabaki niliyatupa korongoni nyuma ya nyumba, na kwa hilo sina wa kumlaumu, maana nako yaliota. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mmea huu, wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, umo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Nilirudi kwa muuzaji nikiwa na shina moja mkononi, lenye mizizi kila kifundo, nikamwuliza kwa nini hakunionya. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Mama," alisema, "wenzako huja kulalamika kwamba maua yamekufa. Wewe unalalamika yako yamekuwa hai?" Waliokuwepo wakacheka, na hata mwendesha bodaboda aliyenileta akacheka. Ningeweza kulimeza hilo, kwani lilikuwa na ukweli wake, kama nisingegeuka na kumwona msaidizi wake akikata mashina marefu kwa kisu, vipande vya urefu wa shubiri, na kuvichomeka viwili viwili katika viriba vya udongo. Hiyo ndiyo "miche" niliyoilipia shilingi 45,000. Kiriba kimoja kingenitosha, na subira ya miezi michache.

Nilikusudia kuwashauri watu wote wauepuke mmea huu, na nilipoanza kuandika ndivyo nilivyoamini. Lakini masika iliyopita tope halikufika jikoni, wala siwezi kudai kwamba ni kwa bahati. Jua kali lilipokuja baadaye majani yalinyong'onyea kidogo tu, na asubuhi nyuki hujaa pale. Kwa hiyo nimeubakiza juu ya mteremko peke yake, nikauzungushia ukingo wa saruji, na kila Jumamosi ninakata kila shina linalochungulia nje ya ukingo huo. Kwenye ua tambarare ulio karibu na mboga za mtu, au kando ya mto, nisingeupanda hata kama ningepewa bure.

Yule kijana, nilipokuwa nikiondoka, aliniita na kusema kwamba nikichoka na mashina yangu nimpelekee, atayapokea. Ili ayachomeke katika viriba! Anayeyataka kwa mteremko wake na aje kwangu na gunia, nitamkatia bila malipo. Kijana huyo sitampelekea hata kifundo kimoja.