Kabla hujatoka kula Mtwara, tazama mwezi

Wifi yangu alikuja kutoka Dar mwezi wa tisa, akakaa wiki mbili. Siku ya tatu tu akaniuliza, "Wifi, hivi nyie hapa mkitaka kutoka mnaendaga wapi?" Nikakosa jibu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Magomeni ya hapahapa Mtwara, na kutoka kwangu mara nyingi ni kwenda sokoni kufuata zipu na uzi.

Basi nikafanya kosa la wenyeji wote wenye mgeni. Nikampeleka hoteli moja ya ufukweni, yenye viti vya kujilaza na taa za rangi. Jina tuliache. Tuliagiza samaki saa saba kasoro, akaja saa nane na nusu, nje kaungua, ndani bado ana baridi ya friji, na chipsi zimeshalala. Tulikuwa watu wawili na mtoto wangu wa miaka saba, bili ikaja elfu hamsini na nane. Septemba hiyo, korosho bado ziko juu ya miti, watu hawajashika hela, hakuna anayeshonesha, halafu mimi nimelipa ufundi wa magauni matatu kwa samaki wa friji, na bahari naiona pale.

Baba mkwe aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Yeye amevua maisha yake yote. Akasema, "Mlikwenda siku ya maji mafu, mlitaka mle nini?" Halafu akatuambia tungoje Jumapili, mwezi utakuwa umeshakuwa mpevu, bahari itakuwa bamvua. Nikapanga siku nzima kwa saa za maji, nikaweka elfu ishirini kwenye pochi, nikamwambia wifi hii ndiyo yote.

Kwa asiyekaa pwani nieleze kidogo, maana hapa ndipo mlo wa Mtwara unapoanzia. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake inapita mita 3. Huku kwetu siku za bamvua maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana, na mwamba haujitokezi vizuri. Mwamba usipojitokeza, wachokoa pweza hawana kazi, na meza za jioni pale Feri, penye kivuko, zinakuwa na pweza wa jana au hazina kitu kabisa. Ukila pweza Mtwara ukaona hana maana, kabla hujamlaumu mpishi jiulize ulikuja mwezi ukiwaje.

Chai tulikunywa hapahapa Magomeni, kwa mama mmoja anayepanga benchi mbili nje ya ukuta wake. Chapati, mbaazi za nazi, chai ya rangi yenye mchaichai. Watu watatu, elfu mbili na mia sita. Mbaazi zake ni nzito, nazi anakuna mwenyewe, na ukifika baada ya saa mbili unakuta anakwangua sufuria. Chapati zake sizisifii, zina mafuta ya kupaka bawaba.

Tukapanda daladala kwenda Mikindani, kilomita kama 10, mia sita kwa mtu, mtoto nikampakata. Njiani wifi akawa anashangaa mbona mji wetu una barabara pana zilizonyooka hivi wakati nyumba zenyewe si nyingi. Nikamweleza kwamba Mtwara ni mtoto wa karanga. Waingereza walipoanzisha ule mradi wao wa karanga mwaka 1947 walitaka bandari ya kutolea mazao ya Nachingwea, wakachora mji mkubwa na kujenga reli. Karanga zikawashinda, reli ikaja kung'olewa, sisi tukabaki na bandari na barabara pana. Mikindani ndiyo mji wenyewe wa zamani. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lipo pale juu, siku hizi ni hoteli, na Livingstone alipita hapo mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara.

Nitasema kweli, Mikindani nenda ukaitazame, usiende na njaa. Tulizunguka vichochoroni, tukapiga picha kwenye milango ya nakshi na zile roshani za mbao ambazo nyingine zinakaribia kumwangukia mtu. Ghuba ilikuwa imekauka, tope tupu, wanawake wameinama mbali huko wanaokota chaza, na harufu yake si ya kila mtu. Wifi aliziba pua. Mwanangu alitaka kushuka akacheze na kaa, nikamkatalia, akanuna hadi stendi. Cha kula tulichokiona ni mihogo ya kukaanga na ubuyu. Saa tano tulikuwa tumesharudi mjini.

Sasa ming'oko. Mtu wa kusini hahitaji kuelezwa, ila wifi alipoona kina mama wamepanga vifurushi barazani aliniuliza ile mizizi ni dawa ya nini. Ming'oko ni viazi pori, vyembamba, virefu kama kidole, vinachimbwa porini wakati wa kiangazi na kuchemshwa muda mrefu. Mingi inatoka bara, Newala, Tandahimba na kwingineko. Tulinunua vifurushi viwili, mia tano kila kimoja, na chumvi yenye pilipili kwenye kipande cha karatasi. Namna ya kula ni hivi: unakata ncha kwa kucha, unaminya chini, nyama inatoka yenyewe kwenye ganda. Ukiuvuta ukaja na nyuzi kama katani, ujue umezeeka, urudishe. Yule mama hakubisha, alinibadilishia mitatu. Utamu wake uko katikati ya kiazi na njugu, na unakausha koo, kwa hiyo nunua na maji. Wifi alianza kwa kuuonja kama mtu anayelazimishwa dawa. Tulipofika kona ya pili kifurushi chake kilikuwa maganda.

Chakula cha mchana tulikula kwa mama ntilie karibu na Feri. Sitaji kibanda maana hakina jina, kina turubai la buluu na meza tatu, na wavuvi ndio wateja wake wakubwa. Hicho ndicho kipimo changu, mvuvi hali samaki aliyelala. Kulikuwa na samaki changu, wa nazi na wa kukaanga, wali au ugali wa muhogo, elfu tatu na nusu sahani. Tulichukua mbili, mtoto akala katikati yetu. Changu wa nazi ndiye wa kuchukua. Tui lilikuwa zito, limetiwa bizari kidogo na embe bichi, mama hakulijaza nyanya kama wanavyofanya wengi siku hizi, na samaki alipoguswa na kijiko aliachia mfupa mzimamzima. Wali ulishikana kidogo. Kachumbari ilikuwa ya kuhesabu, vitunguu vitatu na imani. Nzi wapo, na ndoo ya kunawia ilikuwa moja kwa watu wote, unasubiri zamu mikono imenyooshwa kama mgonjwa. Mtu wa kutaka kitambaa cha mezani asije. Na awahi, saa nane wali unakuwa umekwisha na mama haongezi, anasema hajaja duniani kupika mara mbili.

Kivuko cha Msangamkuu nauli yake ni mia chache, kwenda na kurudi sote watatu hatukufika elfu mbili, na kuvuka ni dakika chache tu. Upande wa pili ni minazi, mchanga mweupe na watoto wa shule waliotoroka nguo zao. Hapa ndipo saa za maji zinapokulipa. Watu wengi hufika asubuhi ya bamvua, wakakuta bahari imehamia mbali huko, wakatembea juu ya mawe na majani hadi wakachoka, wakarudi wakisema Msangamkuu hakuna kitu. Sisi tulifika saa tisa na nusu, maji yanapanda. Saa kumi yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya minazi, masafi, vuguvugu. Wifi aliingia na dera lake. Mimi sijui kuogelea, nilikaa maji ya kiunoni nikimshika mtoto mkono, na nilisahau kabisa kwamba Jumatatu nina sare kumi na nne za kukata. Cha kula kule chukua mwenyewe. Madafu yapo.

Tulirudi Feri jua linazama. Meza za pweza zilikuwa zimeshawashwa taa.

Nilimchagua mzee mmoja kwa sababu ya ubao wake. Wengine wanakuwa na pweza ameshakatwakatwa, amekaa kwenye sinia anasubiri vumbi. Huyu anamtundika mkia mzima, anakukatia ukiwa umesimama, kisu chembamba kilicholika katikati, kipande baada ya kipande, vyote unene mmoja. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Babu, wa leo?" Akageuza mkia mmoja, akanionesha upande wa ndani, bado una uwekundu wa zambarau. Akasema wa saa nne asubuhi, wa mwambani, kaletewa na kina mama. Ameshapigwa mawe, ameshachemshwa kwa maji yake mwenyewe, hakutiwa hata kikombe cha maji ya bomba. Kipande mia mbili, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye bakuli la pilipili, chumvi na ndimu. Supu mia tano kikombe.

Pweza yule alikuwa laini bila kulegea. Unamuuma, anakataa kidogo, halafu anakubali. Nimeshakula wa kutafuna kama kandambili, na nimeshakula waliochemshwa hadi wakawa uji, nadhani hapa katikati hufikiwa tu na mtu anayefanya kitu kimoja kila siku. Supu yake ndiyo nina neno nayo. Ilikuwa na chumvi kama aliyoichota pale pale ng'ambo ya meza, na vikombe anasuuza kwenye ndoo moja ya maji ambayo gizani huwezi kuyasoma rangi. Nilikunywa, sikuumwa, lakini siku nyingine nitakwenda na kikombe changu. Wanaume waliokuwa pembeni walianza yale maneno yao ya supu ya pweza na nguvu za nyumbani. Babu akawaambia, "Kuna wifi na mtoto hapa, zungumzeni mpira."

Mwezi ukachomoza nyuma ya minazi ya Msangamkuu, mkubwa, mwekundu kama sinia la shaba. Pochini nilikuwa nimebakiwa na elfu tano na ushee. Supu vikombe viwili, elfu moja. Babu hahesabu vipande, anakuuliza mwenyewe umekula vingapi na anakuamini, na vijiti vyote vinatupwa kwenye kopo moja. Nikasema mimi vitano, mtoto vitatu. Wifi akajipangusa midomo, akatazama baharini, akasema, "Mimi vinane."

Mwanangu akainua kichwa kutoka kwenye kikombe chake. "Shangazi, kumi na moja. Nilikuwa nahesabu."

Babu hakusema kitu, alikuwa anafuta kisu. Mia sita za nyongeza wifi alizitoa kwenye pochi yake mwenyewe, na njia nzima hadi Magomeni hakumsemesha mtoto.