Vijiti vya Cuisenaire: hisabati ya kushika mkononi

Nafundisha hisabati madarasa ya chini, na kama ningetakiwa kubaki na kifaa kimoja tu kabatini, ningebaki na boksi la vijiti vya Cuisenaire. Ni vijiti vya urefu wa aina kumi, kila urefu na rangi yake: cheupe sentimita 1, chekundu 2, hadi cha chungwa chenye 10. Alivibuni Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji, na kitabu chake kuvihusu kilitoka mwaka 1952.

Wapo walimu wanaolalamika kwamba havina alama wala namba. Mimi navipendea hilohilo. Hakuna pa kusoma jibu, hivyo mtoto hana budi kuvilaza sambamba na kulinganisha. Niliwapa wanafunzi kijiti cheusi, yaani 7, watafute rangi nyingine moja itakayokifikia. Vyekundu vitatu vikapungua, vinne vikazidi. Vya kijani hafifu, vyenye 3, vivyo hivyo. Wakajaribu rangi zote wakabishana kweli, mwisho vikabaki vyeupe peke yake. Somo la namba tasa lilishaanza, nami sijaandika kitu ubaoni.

Kwenye hesabu za sehemu ndiko vinakofanya kazi kubwa zaidi. Cha zambarau, yaani 4, ni nusu ya cha kahawia chenye 8, lakini ukikiweka kando ya kile cha kijani kilichokoza chenye 6, kinakuwa theluthi mbili. “Mwalimu, sasa hiki ni nusu au siyo nusu?” Swali la namna hiyo sijawahi kulisikia watoto wakiwa wanapaka rangi duara vitabuni. Nusu ya nini? Hapo ndipo penye mzizi wa sehemu zote.

Kasoro zipo. Vyeupe hupotea upesi, basi vihesabiwe kabla ya kengele. Mtoto asiyetofautisha rangi vizuri afundishwe kufuata urefu. Ukivuka mia, hamia kwenye vitalu vya makumi na mamia, hivi vitakuchosha.

Boksi moja kwa darasa zima ni kazi bure, kwani wachache watashika na wengine watatazama. Tafuta ya kutosha watoto wanne wanne, na kipindi cha kwanza waache wajenge nyumba na minara wanavyotaka, la sivyo watajenga wakati unafundisha. Kabla ya kununua, panga vyeupe kumi kando ya cha chungwa. Visipolingana sawasawa, rudisha boksi.