TAHADHARI: Wakala wa "kazi za mashambani California" ni tapeli, msimpe hata shilingi

Jamani, huyu wakala mwenye ofisi ghorofani pale Kariakoo, anayejiita "mratibu wa ajira za kilimo Marekani", ni mwizi. Ameondoka na milioni 4.2 zangu, hela ya nyanya za Ilula msimu mzima, na simu hapokei.

Naona aibu kuandika, lakini acheni niseme. Ofisi ina kiyoyozi, dada wa mapokezi, bendera mbili mezani. Akanifungulia video kwenye simu: stroberi zimeiva mpaka zinaoza, shambani hakuna mtu. "Oxnard hiyo, California, mdogo wangu. Uhamiaji wamebeba watu, waliobaki wamejificha. Matajiri wanalia." Kisha akanishika kiganja, akabonyeza sugu za jembe kwa kidole gumba: "Mikono hii ndiyo wanayoitafuta." Akamgeukia yule dada: "Muandike haraka, kota ya nafasi inafungwa."

Ningeachaje kuamini? Aliyenipeleka ni shemeji. Baada ya yale ya wakala wa Oman niliapa sitagusa wakala tena, lakini huyu habari zake zilikuwa za kweli! Julai 10, 2025 askari wa uhamiaji, ICE, walivamia mashamba ya Camarillo na Carpinteria, hukohuko California, wakakamata zaidi ya watu 300, na mfanyakazi mmoja akaanguka kutoka juu ya kitalu nyumba, akafa. Wakulima kule kweli wanakosa vibarua, na viza ya H-2A, ya vibarua wa kigeni wa msimu mashambani, ipo. Mwaka 2024 ziliidhinishwa nafasi zaidi ya 370,000, nyingi zikaenda kwa Wamexico. Mtu anachukua msiba wa vibarua wanaokimbizwa mashambani, anaufanya chambo cha kutuibia sisi wakulima! Hilo linaniuma kuliko hela.

Binamu aliyeko Texas ndiye amenifungua macho. H-2A haina kota, yaani kikomo cha idadi ya watu. Kumtoza mfanyakazi hela ili apewe kazi ni marufuku kisheria, nyumba anatoa mwajiri bure, nauli ya kwenda anairudisha ukifika nusu ya mkataba. Kazi zenyewe zinawekwa wazi kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi ya Marekani, seasonaljobs.dol.gov, jina la shamba na malipo yake. Barua niliyopewa mimi ina picha ya tai na muhuri, shamba halitajwi popote. Na hela ilikwenda kwenye namba ya simu yenye jina la mtu mwingine kabisa. Leseni ya Kamishna wa Kazi sikuonyeshwa.

Afungwe! Asije akarudisha laki mbili mbili halafu tukaambiwa yameisha. Ofisi ipigwe kufuli, mali zake zikamatwe, na yule dada aseme hela zinakwenda wapi, maana daftari analo yeye. Wote mlio na barua ya tai, jitokezeni twende polisi tukafungue jalada moja. Tukienda mmoja mmoja atasema anadaiwa tu, atalipa.