Firefox na uBlock Origin kwenye simu: uzoefu wangu wa miezi minne

Mama alipopimwa akakutwa na sukari, aliniomba nisimwambie mtu kwanza. Usiku ule nilikaa na simu hadi saa saba nikisoma kuhusu vyakula, dalili, bei za vipimo vya nyumbani. Kesho yake mdogo wangu akaazima simu yangu aangalie matokeo ya mpira. Katikati ya habari likajitokeza tangazo la dawa ya kisukari. "Dada, nani anaumwa?" Nilikosa la kumjibu.

Nilikuwa nadhani hali fiche (incognito) ya kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, ingenitosha. Kumbe inafuta historia kwenye simu yako tu. Tovuti unayoingia na kampuni inayokuuzia bando bado wanakuona.

Ndipo nikahamia kivinjari cha Firefox cha Android. Sababu kubwa ni moja: inakubali viendelezi, yaani programu ndogo za kuongeza ndani ya kivinjari, jambo ambalo Chrome ya simu hairuhusu. Gusa nukta tatu, nenda kwenye viendelezi, chagua uBlock Origin, kinachozuia matangazo na vifuatiliaji vinavyokuchunguza mtandaoni. Ni bure, na haikuombi ufungue akaunti. Ukishaiweka unaona kingao chekundu (alama ndogo ya ngao), na ukikigusa kinakuonyesha imezuia vitu vingapi kwenye ukurasa ulioufungua. Mara ya kwanza nilifungua habari moja fupi ya mpira nikakuta 43. Habari ya aya nne! Watu wote hao walikuwa wanafanya nini pale?

Kurasa sasa zinafunguka haraka, na bando langu la wiki, lililokuwa likikata Ijumaa, linafika Jumapili. Nimewasha pia HTTPS pekee (kivinjari kitumie miunganisho iliyosimbwa tu), na kufuta data kila ninapofunga kivinjari. Hiyo ya pili ina gharama yake: unaingiza nenosiri upya kila siku. Mimi nimeikubali.

Usitegemee kwamba itakuficha kabisa. Anwani yako ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, inabaki wazi, na ukiingia kwenye akaunti yako ya Facebook, umeshajitambulisha mwenyewe. Anayehitaji kujificha zaidi atumie Tor Browser, kivinjari kinachoficha anwani hiyo, ila awe na subira, maana kila ombi linapitia vituo vitatu.

Tovuti moja ya tiketi za basi ilikataa kulipia mpaka nikazima kingao kwa ukurasa ule tu, nikalipa, nikakiwasha tena. Jumamosi nilimwekea mama pia. Sasa anasoma mapishi yake bila kuniuliza afunge tangazo wapi.