"Tatizo ni vidole vyako": nilivyojibiwa baada ya kujaribu gemu ya bure

Sina kawaida ya kuipa nyota moja gemu ya mtu anayeitengeneza peke yake, usiku, baada ya kazi zake nyingine. Hii niliipa. Baadaye nikaibadilisha, na huenda nikairudisha kabla sijamaliza kuandika hapa.

Jina silitaji. Aliyeitengeneza ni mtu mmoja, na hasira zangu zinamtosha bila kumletea na za wengine.

Ni gemu ya kurukaruka. Unamwongoza mtoto mwenye taa ndani ya handaki, na kila anaporuka mwanga unapungua kidogo. Utamu uko hapo hapo: ukiruka ovyo utaimalizia hatua gizani, ukisikiliza nyayo tu, kwa sababu kukanyaga jiwe na kukanyaga ubao hakulii sawa. Nilivaa spika za masikioni nikasahau kula. Wazo kama hili makampuni makubwa hayalitoi, maana kuna mtu kwenye kikao angeuliza wachezaji watalalamika nini wakikosa kuona.

Halafu nikafika hatua ya nne.

Kuna pengo pale. Mtoto anaruka, anaanguka. Anaruka akiwa ukingoni kabisa, anaanguka. Niliruka na kuruka hadi mwanga ukaisha, nikaanza upya, ukaisha tena. Mimi gemu za aina hii nazicheza tangu zamani, najua pengo gumu na najua pengo lisilovukika. Hili lilikuwa la pili.

Basi nikaanza kuchunguza. Skrini yangu inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaishusha hadi 60, nikafungua gemu upya. Mtoto akavuka pengo lile lile na nafasi ikabaki.

Kwa ninavyoelewa, mwendo wa kwenda mbele mtengenezaji alikuwa ameupima kwa sekunde, ila kupanda na kushuka kwa mruko akakupima kwa fremu, yaani kwa idadi ya picha ambazo skrini inachora. Tuseme mruko umepangiwa fremu 36. Kwenye skrini ya 60 mtoto anakaa hewani sekunde 0.6. Kwenye ya 144, fremu hizo hizo zinaisha ndani ya sekunde 0.25. Kasi ya kwenda mbele ni ile ile, muda wa kuwa hewani umekatwa zaidi ya nusu, kwa hiyo anaanza kudondoka kabla hajafika hata katikati ya pengo. Hapo hata uwe bingwa wa dunia, utaanguka tu. Na dawa yake si siri: kila mwendo uzidishwe kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, au hesabu za fizikia ziendeshwe kwa vipindi visivyobadilika. Godot, kwa mfano, ambayo ni injini (programu ya kutengenezea gemu), inazitenganisha kabisa hesabu hizo na uchoraji wa picha, na usipogusa chochote inazipiga mara 60 kwa sekunde hata skrini yako iwe ya aina gani.

Nilimwandikia yote hayo, kwa adabu. Nilianza na sifa, tena za kweli: taa, nyayo, giza. Nikaeleza tatizo, nikaambatanisha video mbili, moja ya 60 na nyingine ya 144, nikataja toleo la gemu na aina ya kompyuta. Nikamalizia kwa kumshukuru. Kumbuka ni yeye mwenyewe aliyeandika "maoni yote yanakaribishwa, msinionee huruma". Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyojua.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: "Mkuu, wengine wamevuka. Tatizo ni vidole vyako."

Basi. Video hakuzifungua, hilo nina hakika, kwa sababu anayeziona zikiwa sambamba haongelei vidole. Nilikaa nikiitazama sentensi ile kama mtu aliyerudisha pochi iliyookotwa akaulizwa kwa nini aliishika.

Lakini hao "wengine" ndio walionichefua zaidi. Niliyapitia maoni yao. "Kali sana mkuu!" "Umeua!" "Endelea hivyo hivyo." Hakuna hata mmoja aliyetaja hatua ya tatu, achilia mbali ya nne. Sifa za namna hiyo hazimsaidii mtu. Zinamfanya aamini kazi imekwisha, halafu akija mmoja aliyecheza kweli anaonekana adui. Nyota ya pili niliyokuwa nimemwekea moyoni ilikufia hapo.

Na si kwamba namwonea kwa kuwa ni mdogo. Celeste, iliyotoka mwaka 2018, ilianza mwaka 2015 ikiwa kigemu kilichotengenezwa kwa siku nne. Ukiicheza leo utakuta imekuwekea huruma ya siri: mguu ukishatoka ukingoni bado unapewa muda mdogo sana wa kuruka, na mruko unakubali. Walioitengeneza walidhani, kabla ya kuvilaumu vidole vya mchezaji, kwamba huenda gemu ndiyo inayopaswa kumfuata. Mashindano ya Ludum Dare nayo, yanayowapa watu saa 48 au 72 kutengeneza gemu, hayakupangii nafasi kwenye matokeo kama hujakadiriwa na angalau watu 20, na ili ukadiriwe inabidi nawe uende ukacheze za wenzako. Kule mtu akikuletea video mbili unamwita rafiki.

Wiki kadhaa baadaye likatoka toleo jipya. Maelezo yake: "Mruko umeboreshwa." Nikafungua kwenye 144, nikaenda hatua ya nne, mtoto akavuka kama upepo. Kumbe video alizifungua! Jina langu halipo, jibu lake la vidole bado lipo, halijafutwa wala kuongezewa neno.

Nilipandisha hadi nyota tatu, kwa sababu gemu sasa inachezeka na sina haki ya kuwadanganya wasomaji eti haifai. Inafaa. Hatua ya sita, ambapo taa inaanza kuzimika yenyewe na unahesabu nyayo za mbao hadi ukingoni, ni kati ya dakika bora nilizocheza siku za karibuni. Ukiniuliza kuhusu gemu, ipakue. Ukiniuliza kuhusu kumpa maoni mwenye gemu, heri ukalale. Hapana, nyota tatu ni nyingi. Mbili na nusu, kama mfumo ungeruhusu.

Tena kuna jambo. Hatua ya saba, ukisimamisha gemu mtoto akiwa hewani kisha ukaendelea, taa inarudi kujaa mwanga wote. Ugumu wote wa gemu unakufa kwa kitufe kimoja, na wanaomsifia hawajafika huko wakamwambia. Nimejaribu kwenye 60 na kwenye 144, inatokea kote.

Video ninazo. Safari hii aziombe.